Mizani ya Haki Katika Kuingia Vyuo Vikuu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Waislamu, somo letu lahusu ustahiki. Hapa Kenya mwanafunzi haingii moja kwa moja katika masomo ya shahada mpaka apate daraja ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne. Na masomo yagombewayo, kama udaktari, yataka alama za juu zaidi. Nafasi hugawanywa na bodi ya serikali, KUCCPS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Nayo Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 56, yaiamuru serikali kuwapa walio wachache na waliotengwa fursa maalumu katika elimu.

Wako wasemao: "Je, huko si kumdhulumu aliyepata alama nyingi?" Natutazame. Mtoto mmoja amesoma katika skuli yenye maabara, vitabu na walimu kamili. Mwengine sayansi ameiona ubaoni tu, na jioni humsaidia mamake kuuza mahamri. Wakipishana alama chache, ni yupi aliyejitahidi zaidi? Alama hutwambia mtu amefika wapi. Hazitwambii ameanzia wapi. Mwenye kupima kwa haki hutazama yote mawili.

Sura ya Abasa ina funzo hapa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureishi, akaja Abdullahi bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, na Mola akamzindua. Aliyekuja mbio kutafuta elimu ndiye aliyestahiki kusikilizwa, japokuwa hakuwa na jaha.

Lakini uadilifu si kuivunja mizani. Kumtia katika udaktari asiyeweza kuufuata ni kumdhulumu yeye na wagonjwa wake. Lililo haki ni kumfungulia mlango mwenye akili aliyekosa nyenzo, kisha kumpa mafunzo ya kumtimizia alichokosa.

Wala tusiilaumu serikali peke yake. Nafasi ya chuo yaweza kupatikana, ikapotea kwa kukosa karo. Sura ya Tawba, aya ya 60, katika mafungu manane ya zaka imeanza na mafakiri na masikini. Na mwanafunzi fakiri ni katika hao. Basi kila mtaa na ujiulize: ni nani aliyefaulu mwaka huu, na ni nani aliyekwama? Harusi zetu zikipunguzwa siku moja ya karamu, mtoto wa jirani atasoma.

Wabillahi tawfiq.