Mdogo wangu anashinda, lakini watu wanapiga miayo

*Ndugu Mshauri,*

*Nyumbani kwangu ndiko majirani na binamu zangu wa Buyenzi hukusanyika kutazama mapambano ya UFC. Yakitoka Marekani inabidi tuamke alfajiri, na tunaamka. Shida yangu ni mdogo wangu. Amecheza judo tangu shule ya msingi, na sasa amehamia MMA, mapigano mseto. Juzi klabu yao iliandaa mapambano ya wazi. Alimpiga mwenzake ngwara, akamlalia, akamshikilia mpaka kengele ikalia. Raundi zote tatu zikawa hivyo hivyo. Alipewa ushindi, na watu wakamzomea. Binamu zangu wanasema aachane na judo, asimame apigane kiume, la sivyo hakuna atakayemwita tena. Nami, nisikufiche, nilichoka kumtazama. Nimwambie nini? Na kwa nini mapambano mengine yanachosha namna hii?*

*Kaka Mkubwa, Rohero*

Kaka Mkubwa,

Hilo la "asimame apigane kiume" lisitoke kinywani mwako hata mara moja. Kijana anayekusikiliza wewe kuliko kocha wake atalitii, na atakayelipa gharama ni ubongo wake. Makonde ya kichwa hujumlishana mwaka hadi mwaka, na madhara yake hujitokeza wakati washangiliaji wameshalisahau jina la aliyepigana. Anayejua kumwangusha mwenzake bila kupigwa ana hazina mikononi. Judo yenyewe si ya kudharauliwa katika Burundi, nchi iliyompeleka mwanajudo Antoinette Gasongo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Lakini uchovu wako ni wa kweli, usiuonee aibu. Binamu zako wanailaumu sakafu. Mimi nasema sakafu haina kosa. Wakumbushe Julai 2018 kule Las Vegas, Francis Ngannou na Derrick Lewis, wanaume wawili wenye makonde mazito kuliko karibu wote waliokuwa uzito wao. Walisimama kwa miguu yao dakika 15 nzima, kama binamu zako wanavyotaka, na wakabaki kutazamana. Mapigo yaliyofika, ya wote wawili kwa pamoja, hayakutimia 40 katika raundi tatu. Lewis alishinda kwa pointi huku ukumbi ukizomea.

Sababu yake inajulikana. Januari ya mwaka ule Ngannou alikuwa ameshindwa na Stipe Miocic mjini Boston, akaishiwa pumzi mapema na kuteseka mpaka raundi ya tano. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba aliingia kwa Lewis akiwa bado amebeba hofu ya usiku ule. Lewis naye alilalamika mgongo. Kisha Novemba, mjini Beijing, Ngannou yule yule alimmaliza Curtis Blaydes kabla dakika moja haijatimia. Nguvu hazikuwa zimeongezeka. Alikuwa amekubali tena kujiweka hatarini.

Hapo ndipo ninapouona mzizi wa jambo lako. Pambano huchosha pale ambapo hakuna anayemlazimisha mwenzake kuamua kitu. Mtazamaji anataka kuona mtu anabanwa, anatafuta njia, anapata au anakosa. Yasipokuwepo hayo, hata makonde huwa ni mwendo wa mikono tu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Machi 7, 2020, kwa sababu mapambano mawili yalifanyika usiku mmoja, kizimba kimoja, chini ya sheria zile zile, na yote yakaenda raundi tano. Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos, alikutana na Yoel Romero. Romero alisimama katikati mikono juu akingoja ajiwe. Adesanya naye hakutaka kuingia alikongojwa. Dakika 25 za kusubiriana. Lakini muda mfupi kabla yao, Zhang Weili na Joanna Jędrzejczyk walikuwa wamemaliza pambano lao. Nalo halikuisha kwa KO, na majaji walikuja kugawanyika, ila kila mmoja alipofikisha konde mwenzake alilazimika kujibu papo hapo au kupoteza raundi. Paji la uso la Jędrzejczyk lilivimba hata sura ikabadilika. Wengi bado wanalitaja kuwa pambano bora kabisa la wanawake, na mimi ni mmoja wao.

Sakafuni nako mambo ni yale yale. Aprili 1995 Royce Gracie na Ken Shamrock walilaliana dakika 36, Shamrock juu, Gracie chini akiwa amembana kwa miguu, na mwisho ikatangazwa sare, kwa kuwa wakati huo UFC haikuwa na majaji wa kuamua. Baadaye wakaja majaji, raundi za dakika tano, na mwamuzi mwenye uwezo wa kuwasimamisha wanaolala tu. Mashindano ya Pride ya Japani yalikwenda mbali zaidi: aliyezembea alionyeshwa kadi ya njano na kukatwa asilimia 10 ya malipo yake. Natamani sheria hiyo ingerudi. Fedha inasema kwa sauti kubwa katika mchezo huu, na mara nyingi inasema vibaya. Mikataba mingi humlipa mpiganaji sehemu moja kwa kuingia kizimbani na nyingine, pengine sawa na ile ya kwanza, kwa kushinda. Aliyeshinda raundi mbili za mwanzo ana kila sababu ya kukumbatia mpaka mwisho, maana kodi ya nyumba inamngoja. Mkizomea, kumbukeni na walioandika mkataba.

Sasa turudi kwa mdogo wako, maana yeye hana mkataba wala hofu. Ana mazoea. Katika judo, ukimlaza mwenzako mgongo na kumshikilia sekunde 20, umeshinda, mmeinuka, mmeinamiana. Mwili wake umefundishwa tangu utotoni kwamba kushikilia ndio mwisho wa kazi. Katika MMA kushikilia ni mwanzo wa kazi. Majaji wanatakiwa kupima kwanza madhara ya mapigo na majaribio ya kweli ya kummaliza mtu, na kukaa juu peke yake hakuhesabiwi sana. Juzi alipewa ushindi kwa sababu aliyekuwa chini hakufanya lolote. Akikutana na anayejua kupiga viwiko kutoka chini, au kutafuta mkono wa kukunja, ushindi wa namna hiyo atanyimwa.

Dawa anayo tayari ndani ya judo yenyewe. Mwonyeshe mapambano ya Ronda Rousey, aliyepata medali ya shaba ya judo kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, kisha akaingia kizimbani na kuwakunja wapinzani mikono mmoja baada ya mwingine. Februari 2015 alimmaliza Cat Zingano kwa sekunde 14. Hakuna aliyempigia miayo. Ngwara zake na jinsi alivyomshika mtu zilikuwa judo ile ile ya mdogo wako, ila yeye aliangusha akiwa tayari anaufuata mkono.

Kuhusu wageni wako wa alfajiri, hapo una kazi ndogo ya kufanya wewe mwenyewe. Mweke mdogo wako karibu na televisheni, awaeleze kinachoendelea watu wakishalala chini. Aliye chini akigeuza nyonga pembeni, anatafuta njia ya kutoka. Akitoa mgongo, shingo yake inawindwa. Akikaza kidevu kifuani, ameshaiona kabali inakuja. Rudieni pambano la Khabib Nurmagomedov na Conor McGregor la Oktoba 2018. Sehemu kubwa lilikuwa chini, na nina hakika binamu zako hawakusinzia, kwa sababu Khabib alipiga, akasogea, akapiga tena, mpaka raundi ya nne alipoikamata shingo. Anayejua kuyasoma hayo hachoki haraka. Na pambano likiwa tupu kweli, atalitambua na kuzomea kwa haki.

Usimfundishe kupigana, hiyo ni kazi ya kocha. Nenda kwa kocha umwombe jambo moja: mazoezini, kila akimlaza mtu, asipite sekunde kumi bila kupiga, kusogea mahali pazuri zaidi, au kuufuata mkono au shingo. Akikawia, wasimamishwe waanze upya. Muulize pia ni baada ya muda gani mwamuzi wao atawainua wanaolala bila kufanya kitu. Kama klabu haijaamua, iamue kabla ya mapambano yajayo na iwaambie wachezaji wote, mdogo wako na mpinzani wake.

Mshauri wako