Fungua saa kwanza, hela baadaye

Mdogo wangu wa Mbagala, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na picha zote nimezikuza mpaka mwisho. Kaka yako aliyekusomesha anaapishwa uwakili, na wewe umepokea mgao wa kikoba unataka kumpa saa ya kuvaa na suti. Zimebaki mbili mbele yako. Ya kwanza ni "Rolex" ya shilingi 350,000. Kijana anayeiuza mtandaoni anasema imetoka Dubai, imetumika kidogo, ina boksi lake na kadi yake. Ya pili ni Omega De Ville kuukuu ya familia moja ya Mwananyamala. Haina boksi, mkanda umekatika, na wanataka 900,000. Unaniuliza kwa nini chakavu ndiyo ghali. Swali lako ni la wengi, kwa hiyo nakujibu hapa, na wenzako wa Tandika, Tegeta na Kigamboni wasikie.

Hiyo ya Dubai haitatuchukua muda. Si Rolex, mdogo wangu. Itazame tena ile video uliyonitumia: mshale wa sekunde unaruka mara moja kila sekunde, unasimama, unaruka tena. Hiyo ni mashine ya betri. Rolex waliwahi kutengeneza saa za betri zilizoitwa Oysterquartz, kuanzia 1977 hadi 2001, lakini hizo zina umbo lake la kona kona na jina lake limeandikwa usoni. Yako imeandikwa Datejust tu. Datejust ya kawaida ni ya mashine ya springi, na mshale wake husogea mara kadhaa ndani ya sekunde moja, hata jicho linauona kama unateleza. Halafu tazama mgongo wake. Umewekewa kioo ili mashine ionekane, wakati Datejust mgongo wake ni chuma kitupu. Na kile kilensi kilicho juu ya tarehe kinatakiwa kuikuza namba mara mbili na nusu, ijae dirisha lote. Ya kwako imekuzwa kidogo sana, unaona nafasi kila upande.

Usibabaishwe na boksi na kadi. Boksi zinauzwa zenyewe, kadi zinachapwa. Hata Datejust ya kweli iliyochakaa, yenye mikwaruzo kila mahali, inauzwa mamilioni ya shilingi, na hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo wala wa Deira kule Dubai anayeijua bei hiyo akakupa wewe kwa laki tatu na nusu. Kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayozikamata. Kaka yako anakwenda kuwa mtu wa sheria. Usimvishe kitu hicho mkononi siku anayokula kiapo.

Sasa tuje Mwananyamala, huko ndiko kwenye maneno.

Saa ya suti ina sifa zake. Iwe nyembamba, iingie chini ya mkono wa shati bila kukwama kwenye kifungo. Uso wake uwe umetulia: mishale miwili au mitatu, vijiti au namba za Kirumi, pengine tarehe, basi. Mkanda uwe wa ngozi. Mambo ya vitufe vya kupimia mbio na pete ya kuzunguka ya wazamiaji hayana kazi hapo. Patek Philippe walipotoa Calatrava yao ya kwanza mwaka 1932, ilikuwa na upana wa milimita 31 tu, na mpaka leo wapenzi wa saa wanaitumia kama kipimo cha aina hii.  Kwa hiyo usishtuke kuona Omega hiyo ni ndogo kuliko masahani yanayovaliwa siku hizi. Milimita 34 hivi ndiyo saizi yake halali, na kwenye mkono wa mwanamume aliyevaa shati jeupe inakaa vizuri sana.

De Ville ilianza mwaka 1960 ndani ya familia ya Seamaster, ndiyo maana za mwanzo zina majina yote mawili usoni. Mwaka 1967 ikasimama peke yake. Nyingi za wakati huo ni za kutia ufunguo kwa mkono, na kutokuwa na mashine ya kujijaza ndiko kunakozifanya ziwe nyembamba. Lakini hayo yote ni maneno yaliyoandikwa usoni, na uso ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kudanganya. Hakuna anayenunua gari bila kufungua boneti. Wewe pia, saa hiyo ifunguliwe mbele yako kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Hapa uwe makini, maana De Ville nyingi za miaka ya 1960 hazifunguki mgongoni. Kasha lake ni kipande kimoja, na mashine hutolewa kwa mbele, baada ya kuinua kioo kwa kifaa maalumu kinachokibana pembeni. Fundi asiyejua atahangaika na kisu kutafuta mwanya ambao haupo, na atakuachia makovu yasiyofutika. Kwa hiyo kabla ya kumpa fundi saa, muulize ataifungua vipi. Akisema kwa kisu, mshukuru, chukua saa yako uondoke. Mafundi wazuri wapo, Kariakoo na Posta, wengine wamekaa chini ya mwavuli na meza ndogo ya kioo, na ukimkuta aliyeanza kazi hiyo zamani utajifunza mengi kwa bei ya soda.

Ikishafunguliwa, mwombe akuonyeshe kwa lensi yake mambo haya. Mashine ya Omega ya zama hizo ina rangi ya shaba inayoelekea wekundu. Imegongwa jina la Omega, namba ya aina ya mashine, idadi ya vito, ambayo mara nyingi ni 17, na namba yake ya pekee. Ukiona mashine nyeupe isiyo na jina lolote, ujue moyo wa saa umebadilishwa na kilichobaki ni kasha. Kioo chake cha plastiki, kama ni kile cha kiwandani, kina alama ndogo mno ya Omega katikati, huioni mpaka uikamatie mwanga. Kikiwa kimebadilishwa si kosa kubwa, vioo hupasuka. Ufunguo wa pembeni nao uwe na ile alama. Mwambie pia atafute kutu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na saa iliyolala kabatini miaka kumi mitaa ya huku inaweza kuwa na kutu chini ya uso wakati nje inang'aa.

Nakuomba sana uutazame ule uso. Uzee wa kweli huja bila mpangilio: rangi imegeuka kuwa ya maziwa, kuna madoa mawili matatu pembeni, vijiti vimefifia. Ukiona uso mpya kabisa kwenye saa ya miaka sitini, umepakwa upya. Kazi hiyo inafanyika sana India, ambako Seiko na Favre-Leuba za zamani hupewa nyuso mpya za rangi kali na kuuzwa nchi za nje. Angalia herufi: zilizopakwa upya huwa nene, zimepinda, nafasi hazilingani, na maneno ya Swiss Made pale chini yamekatwa au hayapo. Saa yenye uso uliochakaa lakini wa asili ina thamani kuliko iliyorembwa. Kwenye picha zako naona doa la kahawia karibu na namba nne. Mimi doa hilo limenipa moyo.

Wenye ndugu Muscat mnisikilize pia. Sultan Qaboos, aliyetawala Oman tangu 1970 mpaka alipofariki Januari 2020, alikuwa akiagiza saa za zawadi kupitia duka la Asprey la London, nyingine zikiwa Rolex na Patek Philippe zenye nembo ya jambia usoni. Familia zetu za pwani zina jamaa waliohamia huko, na inawezekana kabisa saa ya namna hiyo ikawa imelala kwenye sanduku la mtu Magomeni. Nembo hiyo huipandisha saa thamani sana, na kwa sababu hiyo hiyo kuna watu wanaichapa kwenye nyuso za saa za kawaida. Kama unayo ya urithi, usiipeleke kung'arishwa wala kupakwa chochote. Iache kama alivyoiacha mwenyewe.

Tuje kwenye dhahabu, maana umeandika kwamba hiyo Omega "ni gold". Sidhani. Dhahabu halisi hugongwa muhuri: 750 ni karati 18, yaani robo tatu ni dhahabu tupu, na 585 ni karati 14. Kwa 900,000 ningetegemea dhahabu ya kuchovya, na Omega wenyewe waliandika hivyo bila kuficha, mara nyingi mikroni 20, ndani ya kasha au kwa nyuma. Tazama kwenye kona za miguu inayoshika mkanda. Dhahabu ya kuchovya huanza kulika hapo, chuma cheupe kikachungulia. Ikiwa imelika kidogo, itumie kupunguza bei. Wenye kuipenda Cartier nao wajue kwamba saa za Must de Cartier zilizoanza 1977 ni za fedha iliyochovywa dhahabu, zina muhuri wa 925. Ni Cartier halali kabisa, ila asikuuzie mtu kwa bei ya dhahabu.

Sisemi saa ya betri ni mbaya. Seiko walipoizindua Astron Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa madukani, walileta usahihi ambao mashine za springi hazikuufikia, na viwanda vingi vya Uswisi vikafungwa katika miaka iliyofuata. Longines au Tissot ya betri, nyembamba, ya kweli, ni zawadi nzuri na haina usumbufu. Na kama mfuko hautoshi, Seiko 5 iliyotunzwa, toleo lililoanza 1963, ina mashine ya kujijaza na mafundi wetu wanaijua kama kiganja cha mkono wao. Ningefurahi zaidi kumwona wakili na Seiko ya kweli kuliko na hiyo "Rolex".

Kuna jambo moja ulilipitia haraka kwenye ujumbe wako, nami silipiti. Umesema saa ilikuwa ya marehemu baba yao na anayeuza ni mtoto wa pili. Je, ndiye msimamizi wa mirathi? Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za huku ni Mahakama ya Mwanzo. Mtoto mmoja akiuza kimyakimya, dada zake wanaweza kuja kuidai, na kaka yako akaanza kazi kwa kesi ya saa. Omba uone barua ya uteuzi, au wakae ndugu wote waridhie. Kisha muandikiane hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na namba ya saa iliyo kwenye mashine iandikwe humo, pamoja na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Ukilipa, lipa hapo hapo mkiwa mnaonana. Usitume hela kwa namba ya mtu ambaye hukumwona, hata ukiambiwa kuna mteja mwingine yuko njiani.

Tenga na hela ya huduma, usiimalize yote kwenye kununua. Saa ya springi inataka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila miaka mitano hivi, na hiyo ya Mwananyamala ianze na huduma. Mkanda mpya wa ngozi upimwe nafasi kati ya miguu ya saa, mara nyingi milimita 18. Jasho la Dar linaila ngozi haraka, kwa hiyo mwambie kaka avue akifika nyumbani na aufute kwa kitambaa kikavu. Maji yasiiguse kabisa. Hata saa mpya iliyoandikwa mita 30 inavumilia matone tu, sembuse kuukuu yenye raba zilizokauka. Atie ufunguo mara moja kila asubuhi, akisikia umekaza aache. Na kwenye daladala la Rangi Tatu, mkono wa shati ushuke. Ndiyo raha ya saa nyembamba, kibaka haioni.

Hukumu yangu ni hii, mdogo wangu: mwambie kijana wa Dubai hapana. Nenda Mwananyamala na fundi mwenye kifaa cha kuinua kioo. Mashine ikiwa ya Omega, kutu hakuna, na ndugu wote wameridhia, anza na 700,000 na usivuke 850,000, iliyobaki ni ya huduma na mkanda. Wakikataa kuifungua mbele yako, rudi nyumbani na hela yako, uniandikie tutafute nyingine.