Kikundi Chenu Kina Karatasi Gani, na Ziko kwa Nani?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vyetu vingi hapa Shika Adabu vimelishika neno hili, daftari lipo. Lakini ukiuliza, "Liko wapi?" utajibiwa, "Liko kwa katibu." Na katibu je? "Ameenda matangani, Kinango." Hapo kazi imesimama.

Somo letu ni hili: kabla ya kununua kabati au kompyuta, kikundi kijue kwanza kina kumbukumbu gani, ziko wapi, na anazishika nani.

Kwa nini tujisumbue?

Sisi watu wa Likoni twajua uzito wa karatasi. Januari 2016 wakaazi wa shamba la Waitiki, lenye ekari 930, walianza kupewa hati za ardhi, na kila mmoja akatakiwa kuilipa serikali shilingi 182,000. Katika mambo kama hayo, mwenye risiti husikizwa. Mwenye maneno matupu huambiwa rudi kesho. Kikundi nacho ni vivyo hivyo.

Tuseme akina mama ishirini wanaweka akiba na kukopeshana. Mweka hazina anafariki ghafla. Daftari la mikopo lilikuwa chini ya kitanda chake. Laini ya M-Pesa ni ya jina lake, na namba ya siri aliijua peke yake. Wanavuka feri kwenda benki, wanaulizwa cheti cha usajili na kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi. Havionekani. Huyu asema alishalipa deni, yule asema hakulipwa. Hakuna aliyeiba, lakini akina mama hawaamkiani tena.

Fanyeni hivi

1. Kaeni wanachama wote, si viongozi peke yao. Kila mmoja ataje anachokijua: cheti, katiba, orodha ya wanachama, risiti, vitabu vya benki. Msisahau vilivyomo ndani ya simu, kama picha za risiti na ujumbe wa WhatsApp. Yaliyo vichwani mwa wazee wa kikundi pia yaandikwe.

2. Pigeni mistari kwenye karatasi kubwa, safu tano: ni kitu gani, cha mwaka gani, kiko wapi, anakishika nani, nani aruhusiwe kukiona.

3. Nendeni mkakione kwa macho. "Kiko nyumbani" si jibu. Kisichopatikana apewe mtu wa kukitafuta, na tarehe ya kuleta majibu. Ulizeni kwa adabu, anayeulizwa asione anashukiwa wizi.

4. Angalieni mapungufu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 yataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua kumi. Orodha ikiwa ya zamani, yenye majina ya waliohama, mtaonyesha nini?

5. Tengeni za siri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Kikundi kinachotembelea wagonjwa kisibandike majina yao ukutani wala kuyatuma kwenye simu za watu.

6. Toeni nakala za zile muhimu, ziwekwe nyumba mbili tofauti, mbali na mchwa na paa linalovuja.

7. Kila baada ya uchaguzi, viongozi wa zamani na wapya waipitie orodha pamoja, wakabidhiane kitu kwa kitu, na watie sahihi.

Kazi hii yahitaji kalamu, karatasi na alasiri moja au mbili. Ikishaandikwa, orodha isomwe mkutanoni walau mara moja kwa mwaka, maana karatasi nazo huhama.

Maswali ya kujadiliana

- Mweka hazina wetu akilazwa leo, nani anaweza kuendesha kikundi kesho?
- Ni karatasi gani tukiipoteza hatutapata nyingine?
- Je, kuna habari za mtu tunazoziweka bila sababu?