"Mzito": Kumbukumbu, Fikra, Lugha na Akili katika Darasa Moja la Kasongo

1. Utangulizi

Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu kwenye shule moja ya msingi mjini Kasongo, niliandika neno moja katika daftari langu mbele ya jina la mtoto wa darasa la tano: "mzito". Nilikuwa nimemtaka aseme kwa Kifaransa kanuni ya upatanisho wa kivumishi, kama ilivyoandikwa ubaoni. Alisimama, akaanza, akafika neno la nne, akanyamaza. Siku tatu mfululizo mambo yalikuwa yaleyale. Wenzake walicheka, nami nikamwambia akae.

Jumamosi nilimkuta sokoni na mama yake, ambaye ni mtu wa Kabambare na anauza mawese. Wachuuzi wa baiskeli huchukua bidoni kwa deni na kulipa kidogo kidogo. Mama hakuwa na daftari. Kila alipouliza, "Huyu baba amebakiza ngapi?", mtoto alijibu: alichukua bidoni ngapi, amelipa kiasi gani, siku gani, na nani alikuwapo. Nilihesabu wadaiwa kumi na mmoja, na hakuna aliyembishia.

Jioni ile nililifuta lile neno. Makala haya yanaeleza kwa nini, kwa kupitia dhana nne za saikolojia ambazo sisi wanafunzi wa lugha, walimu wa kesho, hatuna budi kuzijua.

2. Kumbukumbu

Wanasaikolojia hutofautisha hatua tatu za kumbukumbu: kupokea habari, kuihifadhi, na kuitoa inapohitajika. Mtu anaweza kushindwa katika hatua yoyote. Anayesema "nimesahau" huenda hakupokea vizuri tangu mwanzo, au amehifadhi lakini hapati njia ya kutoa.

Vilevile kuna kumbukumbu ya muda mrefu na ile ya muda mfupi. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller alionyesha kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vipande vichache tu kwa mara moja, kama saba hivi. Kipande si lazima kiwe herufi au neno: kwa anayeijua lugha, sentensi nzima inaweza kuwa kipande kimoja. Kwa asiyeijua, kila silabi ni mzigo wake peke yake. Mwaka 1974 Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch walizungumzia kumbukumbu ya kazi, yaani mahali ambapo akili hushika habari na papo hapo kuifanyia kazi. Mahali hapo ni padogo. Mwanafunzi wangu alipofika neno la nne, mikono yake ilikuwa imejaa.

Kwa nini basi aliweza sokoni? Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza kwamba kukumbuka ni kujenga upya kwa kutumia maarifa tuliyo nayo tayari. Anamtaja mchungaji wa Swaziland aliyekumbuka kwa usahihi mkubwa ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, rangi zao na bei zao. Mchungaji yule hakuwa na kumbukumbu ya ajabu katika mambo yote. Ng'ombe walikuwa maisha yake. Vivyo hivyo deni la mawese ni chakula cha nyumbani kwa mtoto wangu, na kila mdaiwa ana uso, baiskeli na kijiji.

Uso na baiskeli hufanya kazi ya kidokezo, yaani alama inayofungua njia ya kutoa kilichohifadhiwa. Wazee wetu walilijua jambo hili. Kusini mwetu, katika nchi ya Waluba, watu wa chama cha Mbudye walitumia lukasa, ubao wa mti unaoshikwa mkononi, wenye shanga na kauri. Mjuzi aliupitisha kidole na kusimulia habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Ubao haukuwa na maneno. Maneno yalikuwa kwa mtu. Shanga zilimwonyesha njia.

3. Kufikiri

Kufikiri ni kushughulikia habari ili kuelewa, kuamua au kutatua tatizo. Msingi wake mmoja ni kuainisha: kuweka vitu katika makundi. Je, kuna njia moja tu sahihi ya kuainisha?

Mwaka 1975 Joseph Glick alisimulia utafiti uliofanywa kwa Wakpelle wa Liberia. Waliombwa kupanga vyakula na vyombo. Watafiti walitarajia vyakula viwe upande mmoja na vyombo upande wa pili. Wakulima waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa sababu kisu hukata chungwa, wakasema kwamba mtu mwenye hekima ndivyo angefanya. Mtafiti alipouliza mjinga angefanyaje, walipanga sawasawa na alivyotarajia. Uwezo ulikuwapo. Kilichotofautiana ni maana ya "kupanga vizuri".

Funzo kwa mwalimu: kabla ya kusema mtoto hawezi kufikiri, tuhakikishe ameelewa tunachomtaka afanye.

4. Lugha

Lugha ni mfumo wa alama tunazotumia kuwasiliana, na pia ni chombo cha kushikia mawazo. Mrusi Lev Vygotsky alifundisha kwamba mazungumzo ya mtoto na watu huingia ndani polepole na kuwa usemi wa ndani, ambao humsaidia kuongoza fikra zake. Lakini ni usemi wa lugha ipi?

Mwanafunzi wangu husema Kibangubangu na nyanya yake, na Kiswahili na mama yake, sokoni na barabarani. Kiswahili hicho kilifika Kasongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani, kikawa chetu, tukakiita Kingwana. Kifaransa hukikuta darasani tu. Katiba ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha hizo zitumike kufundishia. Hata hivyo, mimi nilipima kanuni ya sarufi kwa lugha ambayo mtoto hajaimudu, halafu nikaita matokeo "akili". Kumbe nilipima Kifaransa chake.

5. Akili

Akili kwa kawaida huelezwa kuwa uwezo wa kujifunza, kuelewa na kukabiliana na mazingira. Kuipima ni jambo gumu. Katika miaka ya 1950, Mfaransa André Ombredane na wenzake waliwapa Wasalampasu wa Kasai mtihani wa michoro usiotumia maneno, kisha wakaurudia kwa watu walewale. Alama zilipanda. Kama kurudia tu kunapandisha alama, basi alama ya kwanza haikuwa kipimo cha akili peke yake. Ilipima pia mazoea ya mtihani.

Nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake walichunguza watoto wa Kijaluo huko Usenge, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Watoto waliojua zaidi dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya msamiati na masomo ya shule. Familia nyingine ziliona shule ina faida, nyingine ziliona kazi za kijijini zina faida, na kila mtoto alikuza alichothaminiwa nacho.

Lugha yetu yenyewe inatuonya. Tuna akili, werevu, ujanja, maarifa, busara na hekima, na hatuyatumii maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja. Mtihani mmoja hauwezi kuyapima yote.

6. Nilichobadilisha

Jumatatu nilimwita mtoto mbele, nikamwomba aeleze kanuni kwa Kiswahili, kwa mfano wake mwenyewe. Alifikiri kidogo, akasema: "Mwalimu, hili neno linafuata mwenzake. Kama mwenzake ni wa kike, nalo linavaa ya kike." Darasa halikucheka.

Baadaye tulikata sentensi ya Kifaransa vipande vitatu, kila kipande na mchoro wake ubaoni. Nilifuta mchoro mmoja mmoja, naye akaendelea kusema. Sitadai kwamba alibadilika siku moja: mwisho wa juma alipata nusu ya alama, na matamshi bado yalimshinda. Lakini hakunyamaza tena. Na katika daftari langu, mbele ya jina lake, niliandika: "anaelewa, aongezewe Kifaransa". Maneno hayo mawili, "mzito" na "anaelewa", yanaweza kuamua kama mtoto atapanda darasa au atarudia.

Maswali ya kujadiliana

1. Toa mfano wa kidokezo kinachotumiwa na wasimulizi au wafanyabiashara wa kijijini kwako.
2. Chagua swali moja la mtihani uliowahi kuufanya. Lilipima kumbukumbu, kufikiri, lugha au akili? Umejuaje?