Nyonga bandia ikilegea: upasuaji wa pili huleta nini?

Nyonga bandia huwarejesha watu wengi shambani, sokoni na kazini, lakini haidumu milele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa takriban 58 kati ya nyonga bandia 100 hudumu miaka 25. Nyingine hulazimika kubadilishwa mapema.

Saruji hufanya nini?

Saruji ya mifupa ilienea kupitia kazi ya daktari Mwingereza John Charnley mwanzoni mwa miaka ya 1960. Si gundi. Huwekwa ikiwa laini kama unga uliokandwa, hujaza vishimo vidogo vya mfupa, kisha huwa ngumu baada ya dakika chache na kukishika kiungo.

Kwa nini hulegea?

Kiungo kinaposuguana, hutoa chembechembe za plastiki. Mwili hupambana nazo, na katika vita hivyo mfupa wenyewe huliwa polepole. Maambukizi, kuanguka na kuteguka pia huharibu kiungo.

Matokeo ya upasuaji wa pili

Wengi hupata nafuu ya maumivu na kutembea vizuri zaidi. Hata hivyo, upasuaji huu huchukua muda mrefu kuliko wa kwanza, na hatari ya maambukizi na kuteguka huwa kubwa zaidi. Saruji mpya hushika vyema penye mfupa imara wenye vishimo. Mfupa uliolainika na kuwa mwembamba hauishiki vizuri. Ikiwa saruji ya zamani bado imeshikamana na mfupa, daktari anaweza kuiacha na kuweka mpya juu yake. Mfupa ukipungua sana, huenda ukahitajika mfupa wa kupandikizwa. Palipo na maambukizi, saruji huchanganywa na dawa za kuua bakteria, na pengine upasuaji hufanywa mara mbili.

Usingoje

Kila mwezi wa kuchelewa unaweza kupunguza mfupa utakaoshika kiungo kipya. Mwone daktari ukihisi maumivu mapya kwenye kinena au paja, ukianza kuchechemea, au mguu ukiwa mfupi. Kidonda kikitoa usaha au ukipata homa pamoja na maumivu ya nyonga, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Hudhuria kliniki hata kama huna maumivu, kwani mfupa unaweza kuliwa kimyakimya na kuonekana kwa eksirei pekee. Hifadhi picha na karatasi za upasuaji wa kwanza: zitamwonyesha daktari aina ya kiungo ulichowekewa.