Kwenda Polepole Porini: Somo la Mimea na Tiba, kutoka Itiryo hadi Mahale

Itiryo ni kata ya Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, katika nyanda za juu za wilaya inayopakana na Kenya. Katikati ya migomba, kahawa na mahindi hubaki vichaka na kingo za vijito ambako watu huchuma majani, magome na mizizi kwa ajili ya tiba. Mgonjwa anayefika zahanati huenda amekwisha kunywa kikombe cha kitu fulani nyumbani. Muuguzi huuliza, mgonjwa hujibu kwa jina la Kikurya au husema tu “dawa ya miti”, na mazungumzo huishia hapo, kwa kuwa foleni ni ndefu. Hivyo mgonjwa hupewa vidonge juu ya kitu ambacho mtoa huduma hakijui.

Ujuzi wa mimea ya dawa haupatikani kwa mwendo wa foleni. Unadai kukaa mahali pamoja, kutazama na kurudi tena. Utulivu huo ni mbinu ya utafiti kama zilivyo mbinu za maabara, na mfano wake bora umo humu humu Tanzania, magharibi, katika Milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika. Sokwe wa Mahale walianza kuchunguzwa mwaka 1965 na Mjapani Toshisada Nishida, na eneo hilo likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985.

Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa porini Mahale pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyeijua misitu hiyo na dawa zake. Walimfuatilia sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mnyonge, akilala muda mrefu wakati wenzake wanakula. Kisha alikiendea kichaka kimoja, akavunja tawi changa, akamenya ganda la nje kwa meno, akatupa majani, akatafuna kiini laini cha ndani na kufyonza utomvu wake mchungu, halafu akatema nyuzi. Mzee Mohamedi aliutambua mmea huo. Watongwe huuita mjonso na huutumia kwa homa, maumivu ya tumbo na minyoo. Jina lake la kisayansi ni Vernonia amygdalina. Kwa Kiswahili huitwa pia mtukutu, jina linaloufaa, maana uchungu wake hauvumiliki kirahisi. Watafiti hao wawili hawakuondoka. Waliendelea kumfuata, na kesho yake alasiri Chausiku alionekana amepata nguvu na hamu ya kula. Taarifa yao, yenye majina yao wote wawili, ilichapishwa mwaka 1989.

Mtazamaji mwenye haraka angeandika: “Sokwe mgonjwa alikula Vernonia.” Sentensi hiyo ni ya kweli lakini haina faida kwa tabibu. Thamani ya taarifa ya Mahale imo katika mambo madogo yaliyoonekana kwa sababu watu walikaa: sehemu gani ya mmea ilitumika, ipi ilitupwa, kiasi gani, na muda gani ulipita kabla ya nafuu. Uchunguzi wa kemia uliofanywa baadaye nchini Japani uliongeza maana ya mambo hayo. Majani na ganda vina kwa wingi vernodalini, kemikali yenye sumu, ilhali kiini cha shina kina kemikali nyingine chungu, zikiwamo vernoniosidi. Sokwe, kwa kumenya na kutupa, alikuwa akijiepusha na sehemu ya hatari. Katika tukio jingine lililofuatiliwa mwaka 1991, hesabu ya mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha sokwe aliyetafuna kiini hicho ilishuka kutoka 130 hadi 15 ndani ya saa 20.

Hata hivyo, sokwe wawili si jaribio la kitabibu. Mnyama anaweza kupona mwenyewe, na mayai ya minyoo hupanda na kushuka siku hadi siku. Taarifa hizi zinampa mtafiti swali zuri la kupeleka maabara na baadaye kwa wagonjwa waliokubali kushiriki. Haziwapi watu kipimo cha kunywa.

Kwa nini mmea uwe mchungu? Mti haukimbii. Umefungwa na mizizi yake mbele ya funza, panzi, mbuzi na kuvu, na silaha yake kubwa ni kemikali. Sehemu kubwa ya kile binadamu anachokiita dawa ni ulinzi wa mmea dhidi ya walaji wake. Kwa sababu hiyo kiasi chake hubadilika: jani changa hutofautiana na lililokomaa, gome na mzizi, mmea wa kivulini na wa juani, uliochumwa wakati wa masika na uliochumwa kiangazi. Kikombe kilichomsaidia jirani mwezi wa nne kinaweza kuwa kikali zaidi, au dhaifu kabisa, mwezi wa nane. Mapishi nayo hubadilisha mambo. Majani ya Vernonia amygdalina huliwa kama mboga Nigeria na Kamerun, lakini hufikichwa, huoshwa au huchemshwa kwanza hadi uchungu upungue. Mtu anayesema “hata huko wanayala” hajasema jinsi yanavyoandaliwa.

Mafunzo yanayotokana na hayo yanaweza kufanyika Itiryo bila kifaa chochote zaidi ya daftari. Mwanafunzi wa uuguzi au mhudumu wa afya ya jamii achague mmea mmoja tu unaotajwa mara kwa mara na wagonjwa, aketi karibu nao saa nzima asubuhi. Robo saa ya kwanza huwa ngumu, kwa kuwa jicho halijazoea na linaona kijani tu. Baadaye huonekana siafu wanaopanda shina, jani lililotobolewa na lisilotobolewa, nyuki wanaokuja jua likishika, mbuzi anayepita bila kugusa. Aandike tarehe, mahali, umbo la jani na ua, na nani anakula nini. Arudi masika na kiangazi. Amwombe mzee anayeutumia aende naye, amwonyeshe jinsi anavyochuma, wala asimkatize. Ruhusa ya mzee iombwe kabla ya kuandika, na jina lake lihifadhiwe au lifichwe kama atakavyo. Mahale, mzee wa Kitongwe aliwekwa kuwa mwandishi mwenza wa taarifa, na huo ni utaratibu wa kuigwa.

Si haki, kwa upande mwingine, kumwambia mama anayerudi shambani na mzigo wa kuni kichwani kwamba mazingira yatampumzisha. Yeye yumo ndani ya mazingira tangu alfajiri, na yamemchosha. Kinachonufaisha ni kupata muda wa kutulia humo bila mzigo. Utafiti wa Roger Ulrich wa mwaka 1984, uliofanywa katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, ulilinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo. Waliolala mbele ya dirisha linaloonyesha miti walikaa wodini takriban siku 8, na walioona ukuta wa matofali karibu siku 9. Waliotazama miti walihitaji pia dawa chache kali za maumivu. Utafiti huo ni mdogo, lakini benchi chini ya mti nje ya zahanati halina gharama kubwa.

Mti wenyewe nao una haki ya kutoharakishwa. Prunus africana, wa misitu ya milimani, gome lake hutafutwa kwa matatizo ya tezi dume, na biashara yake ya kimataifa iliwekwa chini ya udhibiti mwaka 1995. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, njia ya chakula kutoka majani hadi mizizi hukatika na mti hufa.

Somo la utulivu limezaa pia dawa ya malaria. Tu Youyou wa China alipokuwa akichunguza Artemisia annua, dondoo lake lilishindwa mara kwa mara. Aliyasoma upya maandishi ya kale ya Ge Hong, akaona kwamba mmea huo ulilowekwa majini na kukamuliwa. Alipoacha kutumia joto kubwa, dawa ilipatikana, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Chai ya mmea huo, hata hivyo, haipendekezwi na Shirika la Afya Duniani, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hakitabiriki na kinaweza kulea usugu wa vimelea.

Hapo ndipo utulivu unapofikia mpaka wake. Mtoto mwenye homa anayepata degedege, anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu au anayepoteza fahamu hasubiri mzizi uchemke. Apelekwe kituoni mara moja, usiku au mchana. Mgonjwa wa kisukari asichanganye dawa chungu za miti na vidonge vyake bila kumweleza mtoa huduma, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo au ini wasizitumie bila ushauri wa kituo. Anayetumia dawa za kufubaza VVU aseme kila anachokunywa.

Mtoa huduma naye aulize bila kukunja uso, kwa sababu mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hatasema tena. Maswali yenye faida ni manne: sehemu gani ya mmea, iliandaliwaje, kiasi gani, lini mara ya mwisho. Na pale mtu anapodhurika baada ya kunywa, ndugu wanaomleta wabebe mabaki ya dawa pamoja na tawi la mmea lenye majani na, ikiwezekana, ua au tunda, likiwa limefungwa kwenye gazeti kavu badala ya mfuko wa plastiki, ambamo huoza kabla ya kutambuliwa.