Mpako wa Wagonjwa: Maswali ya Anayeupokea kwa Mara ya Kwanza

Mara nyingi padre huitwa wakati mgonjwa hawezi tena kusema, kuungama wala kumeza. Padre huja, hupaka mafuta, husali na ndugu, na sakramenti huwa halali kabisa. Ila mgonjwa mwenyewe anakuwa amekosa nafasi ya kuiomba na kuishiriki akiwa na akili zake. Maelezo haya ni kwa Mkatoliki ambaye hajawahi kupakwa mafuta ya wagonjwa, na kwa ndugu wanaomuuguza, ili simu ipigwe mapema.

Mpako wa Wagonjwa ni nini hasa?

Ni mojawapo ya sakramenti saba za Kanisa Katoliki. Padre humwekea mgonjwa mikono kichwani, humpaka mafuta yaliyobarikiwa na kumwombea nguvu za Roho Mtakatifu, ondoleo la dhambi na nafuu. Msingi wake ni Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unaomwelekeza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana.

Je, ni kweli kwamba ukishapakwa hazipiti siku nyingi kabla hujafa?

Si kweli. Wapo wanaopakwa leo, wakafanyiwa upasuaji, wakarudi shambani na kuishi miaka mingi. Hofu hii inaeleweka, kwa sababu kwa karne nyingi sakramenti ilicheleweshwa hadi mtu akaribie kukata roho, ikaitwa Mpako wa Mwisho, na watu wakazoea kuona padre na kifo vikiingia nyumba moja siku moja. Wala si hofu ya Waafrika peke yao: Ulaya ya Zama za Kati walikuwapo walioamini kwamba aliyepona baada ya kupakwa hana ruhusa tena ya kula nyama wala kuishi na mkewe, na maaskofu wa huko walilazimika kuwakanushia.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifafanua mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho tu, na tarehe 30 Novemba 1972 Papa Paulo VI akaidhinisha utaratibu unaotumika hadi sasa. Hata hivyo, mazoea hayafi haraka. Katika katekesi yake ya tarehe 26 Februari 2014, Papa Fransisko bado aliona haja ya kuwatoa watu katika wazo kwamba padre akishafika, wazishi wanamfuata nyuma.

Ugonjwa uwe mkubwa kiasi gani?

Sheria ya Kanisa haidai mgonjwa awe mahututi; inatosha ugonjwa au uzee uwe umeanza kumweka hatarini. Mwenye saratani, aliyepata kiharusi, mwenye moyo au figo zinazoshindwa kazi, anayesubiri upasuaji mkubwa kwa ajili ya ugonjwa wa hatari, wote wanaweza kuomba. Mzee aliyedhoofika sana anaweza kupakwa hata kama daktari hajataja ugonjwa wowote. Mafua na jino linalouma havimo. Penye shaka kama hali ni ya hatari au la, padre anaelekezwa atoe sakramenti, asiinyime.

Na mama mjamzito?

Ujauzito si ugonjwa, hivyo kwa kawaida mama huombewa na kupewa baraka ya kabla ya kujifungua. Lakini akipatwa na hali inayotishia uhai wake, kwa mfano kifafa cha mimba, anaruhusiwa kupakwa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Mtoto je?

Mtoto aliyefikia umri wa kutumia akili, kwa kawaida miaka saba, anaweza kupakwa. Kichanga hakipakwi mafuta ya wagonjwa. Kama kiko hatarini na hakijabatizwa, kibatizwe bila kuchelewa. Padre akikosekana, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa anaweza kubatiza, kwa kumwagia maji kichwani na kutamka maneno ya ubatizo kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Wauguzi wa wodi za wazazi wafahamu jambo hili.

Sijapata Kipaimara. Wengine tuko bado kwenye mafundisho.

Kipaimara si sharti la kupokea Mpako. Sharti ni ubatizo. Mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, akiwa katika hatari ya kufa hasubiri Pasaka: padre anaweza kumbatiza na kumpa Kipaimara pale pale kitandani, kisha akampaka mafuta.

Naishi na mwenzangu bila ndoa ya Kanisa. Nikimwita padre atanifukuza?

Mwite, na umweleze hali ilivyo. Sheria inamzuia anayeng'ang'ania kwa ukaidi katika dhambi nzito iliyo wazi. Haimzuii anayetaka kutengeneza mambo yake. Mahali pasipo na kizuizi, kama vile mke au mume wa ndoa halali ambaye bado yu hai, ndoa inaweza kufungwa hata kitandani, na mtu akiwa katika hatari ya kufa Kanisa hulegeza taratibu nyingi za kawaida. Penye kizuizi, padre atazungumza na mgonjwa kwa faragha juu ya njia iliyo wazi kwake.

Tunasisitiza hili kwa sababu kosa kubwa hufanywa na ndugu, si na padre. Wanasema "huyu anazuiliwa" na hawapigi simu kabisa. Uamuzi huo si wao.

Mgonjwa hakuwa akihudhuria jumuiya wala kulipa zaka. Je, ana haki?

Ana haki. Padre hana ruhusa ya kumnyima sakramenti mtu anayeiomba kwa wakati ufaao, aliye tayari kuipokea na asiyezuiliwa na sheria, na deni la zaka si kizuizi cha sheria. Parokia nyingi hupenda taarifa ipitie kwa mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, maana ndiye anayejua nyumba ilipo. Huo ni utaratibu wa mawasiliano, si kibali. Mwenyekiti asipopatikana, pigeni simu moja kwa moja ofisi ya parokia.

Tutalipa kiasi gani?

Hakuna malipo ya sakramenti, na maskini asikose huduma kwa kukosa fedha. Familia ikijisikia kuchangia nauli au mafuta ya gari, ni ukarimu wake tu.

Katekista au sista anaweza kunipaka?

Hapana. Ni padre au askofu pekee anayeweza kutoa sakramenti hii. Shemasi naye hawezi, na Vatikano ilikumbusha jambo hilo tena Februari 2005. Katekista, mtawa na wanajumuiya wanaweza kusali na mgonjwa na kumsomea Neno, na mhudumu aliyeruhusiwa anaweza kumletea Komunyo. Huduma yao ni ya thamani, lakini isichukuliwe kuwa ndiyo Mpako.

Mafuta haya ndiyo yale ya upako yanayouzwa kwenye chupa?

Siyo. Mafuta ya Wagonjwa hubarikiwa na askofu wa jimbo katika Misa ya Krisma, inayoadhimishwa Alhamisi Kuu au siku nyingine iliyo karibu na Pasaka, kisha hugawiwa maparokia. Huwa ni ya zeituni au ya mmea mwingine, ruhusa iliyotolewa mwaka 1972 kwa kufikiria nchi ambazo zeituni ni adimu; na padre akiishiwa, anaweza kubariki mengine wakati wa ibada yenyewe. Hayauzwi, hayanywewi, wala hayaachwi nyumbani kwa mgonjwa ajipake kila jioni.

Siku yenyewe inakuwaje?

Kwa nyumbani, wengi huandaa meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na maji ya baraka. Vikikosekana, ibada haizuiliki. Padre akifika, kama mgonjwa anataka kuungama, watu wote hutoka nje, hata mke au mume. Asiyeweza kusema huungama kwa ishara, kwa kutikisa kichwa au kubana mkono. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote, hata mgonjwa akifariki.

Ndugu wakirudi, husomwa Neno la Mungu na kufanywa maombi. Padre huweka mikono juu ya kichwa cha mgonjwa bila kusema neno. Wasiozoea hudhani amesahau maneno, lakini ukimya huo ni sehemu ya ibada. Kisha humpaka mafuta kwenye kipaji cha uso na mikononi akitamka sala ya sakramenti, na mgonjwa hujibu Amina. Wazee watakumbuka zamani yalipakwa macho, masikio, pua, mdomo, mikono na miguu. Hufuata Baba Yetu, Komunyo kwa anayeweza, na baraka. Kwa kawaida yote hayafiki nusu saa, na hakuna anayekupima kwa majibu. Ukisahau, padre au ndugu atakujibia.

Padre hahitaji kujua jina la ugonjwa wako. Inatosha ajue ni mzito. Si lazima kutaja majibu ya vipimo, vya virusi vya Ukimwi au vingine, mbele ya wanajumuiya waliokuja kusali.

Hospitalini tuzingatie nini?

Muulizeni kwanza muuguzi wa zamu. Msiwashe mshumaa wala ubani karibu na mgonjwa anayepumulia oksijeni, kwa sababu oksijeni huufanya moto kushika na kuenea kwa kasi kubwa. Kama ugonjwa ni wa kuambukiza, padre avae kinga anazopewa. Kanisa linamruhusu kupaka kwa pamba au kifaa kingine badala ya kidole. Penye kidonda, bandeji au sindano ya dripu hapapakwi: kipaji cha uso pekee kinatosha, au sehemu nyingine ya mwili.

Anasubiri upasuaji na amekatazwa kula. Komunyo je?

Mpako hauhusiani na kula, hivyo unaendelea. Kuhusu Komunyo, ulizeni wahudumu wa afya kabla ya kumpa chochote mdomoni, hata maji ya kumezea. Asiyeweza kumeza kigumu anaweza kupewa kipande kidogo sana, au Damu ya Kristo kwa kiasi kidogo, na mgonjwa pamoja na wanaomhudumia hawabanwi na sheria ya kufunga saa moja. Aliye katika hatari ya kufa hupewa Komunyo iitwayo pamba ya njiani, yaani chakula cha safari ya kwenda kwa Mungu, nayo isicheleweshwe.

Nikishapakwa, niache dawa?

Usiache. Sala na tiba havishindani, na Kanisa lenyewe huendesha hospitali, kama Bugando kule Mwanza. Dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu na za kufubaza virusi zinaendelea kama daktari alivyopanga. Anayekuambia mafuta yanatosha, hakuambii mafundisho ya Kanisa Katoliki.

Amepoteza fahamu. Tumechelewa?

Bado. Anaweza kupakwa ikiwa angeiomba sakramenti akiwa na akili zake, na kwa Mkatoliki aliyekuwa akisali hilo halina ugumu. Aliyekwisha kufa hapakwi, kwani sakramenti ni za walio hai. Padre atamwombea marehemu na kuwafariji mliobaki. Ikiwa haijulikani kwa hakika kama amekufa, padre anaweza kumpaka.

Hatujamwambia mgonjwa kwamba hali yake ni mbaya. Padre akija si atashtuka?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na jibu letu ni kwamba mgonjwa mara nyingi ameshajua. Anaona nyuso zenu, anasikia mnavyonong'ona mlangoni. Hakuna haja ya kumtangazia kifo, mwambieni tu, "Baba, unaumwa sana, tungependa padre aje akuombee na kukupaka mafuta upate nguvu. Unaonaje?" Kisha msikilizeni. Akikubali, mwiteni, akikataa, msimlazimishe wala msimfanyie kwa hila akiwa usingizini, lakini mnaweza kumuuliza tena siku nyingine.

Nilipakwa mwaka juzi nikapona. Naruhusiwa tena?

Unaruhusiwa. Mpako hurudiwa mgonjwa akipata nafuu kisha akaugua tena sana, au ugonjwa ule ule ukizidi.

Ndugu zetu wengine si Wakatoliki. Wakae nje?

Waislamu, Waprotestanti na wengine wote wanakaribishwa kukaa na mgonjwa wao. Kuipokea sakramenti ni suala jingine: Mwothodoksi anaweza kupewa akiomba mwenyewe, na Mprotestanti kwa masharti maalumu, hasa akiwa katika hatari ya kufa, hawezi kumpata mchungaji wake na ana imani ya Kikatoliki juu ya sakramenti hii. Asiyebatizwa anaweza kuombewa akitaka.

Tunamwitaje padre?

Pigeni simu ofisi ya parokia ilipo hospitali, si lazima parokia ya nyumbani kwenu. Hospitali kubwa nyingine zina padre wake wa kuhudumia wagonjwa. Semeni jina la mgonjwa, wodi na namba ya kitanda, saa za kuona wagonjwa, kama anaweza kusema na kumeza, na kama anaelekea chumba cha upasuaji. Hali ikiwa ya hatari, pigeni hata usiku wa manane. Na kama nyumbani kwako kuna mgonjwa mzito leo, tafuta namba ya ofisi ya parokia sasa hivi, uihifadhi kwenye simu na uiandike karatasini kwa ajili ya anayebaki na mgonjwa ukiwa hupo.